Mbwa Walioketi Mtoni

"Mbwa ishirini na mmoja hawali maneno," Gabriel alisema, akavua glavu zake na kuzitupa karibu na jiko zikauke. "Leo nimewapa nini? Maji ya moto yenye harufu ya samaki. Harufu tu, mama Aluska. Kesho nitawapa harufu ya nini?"

Elena, mkewe, hakuinua kichwa. Alikuwa mezani akishona soksi za mbwa, vile vifuko vya kitambaa wanavyovalishwa miguuni barafu isiwachane. Mama mkwe wake, Olga, alikuwa akigeuza mkate kwenye mafuta. Mzee Wassillie, baba yake Gabriel, alikaa dirishani, mahali alipohamia tangu goti lake la kulia lilipokataa kazi. Kutoka pale aliwaona mbwa wote, kila mmoja na mnyororo wake na kibanda chake, na kila mmoja mbavu zake unaweza kuzihesabu.

Kila mtu katika mto wetu anajua kiangazi kile kilivyokuwa. Samaki aina ya samoni walipanda mto wachache, amri ikaja tusitege nyavu, na chanja za kukaushia samaki zikasimama tupu mpaka theluji ikazifunika. Mbwa wa huku wamelelewa kwa samaki. Chakula cha magunia huja kwa ndege, gunia moja dola tisini, na kwa nyumba ile gunia moja halikumaliza siku tatu. Gabriel alikuwa fundi wa jenereta ya shule, kazi ya nusu siku. Piga hesabu mwenyewe.

"Nimeongea na Evon," Gabriel akasema. Evon alikuwa binamu yake, mtoto wa shangazi yake, wa kijiji cha juu, na alikuwa ameshinda mara saba Mbio za Mto, zile za mbwa wanaokokota sleji juu ya theluji. "Atachukua sita walio wazuri."

"Na waliobaki?" Olga akauliza.

Gabriel akainama kuzigeuza glavu zake. Bunduki ilikuwa nyuma ya mlango, mahali pake pa siku zote, na hakuna aliyeitazama.

"Mbio ni wiki ijayo," Elena alisema huku akikata uzi kwa meno. "Anayemaliza, awe wa kwanza awe wa mwisho, anapewa chakula cha mbwa wake wote mpaka barafu ya mto ivunjike. Wote, si wale aliokimbia nao tu."

"Anayemaliza."

"Nitamaliza."

"Wewe? Mbwa umewaendesha kwenda kukagua mitego na kuleta kuni. Maili mia moja na sitini si kuni, Elena. Halafu kiingilio utalipa na nini? Soksi?"

"Nimeshalipa," Mzee Wassillie akasema, bado akitazama nje. "Tangu Jumatatu."

"Kwa pesa gani, Baba?"

"Injini ya boti."

Mkate uliungua upande mmoja na Olga hakuuona. Bila injini hakuna kuwinda vuli, hakuna kwenda mjini kwa mto, hakuna kitu. Gabriel alitaka kupiga kelele, lakini huyu alikuwa baba yake. Alikaa kwenye kiti, akajishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Sawa," alisema hatimaye. "Ukimaliza, wanabaki. Ukirudishwa umebebwa, Evon anachukua sita wake, na Jumatatu mimi nafanya kazi yangu kwa waliobaki. Na mtu asinilaumu humu ndani."

"Hakuna atakayekulaumu," Elena akasema, akachukua soksi nyingine.

* * *

Mjini, siku ya kuanza, karani wa mbio alimuuliza mdhamini wake ni nani. Elena akasema hana. Karani akauliza tena kwa sauti ya juu, labda mama huyu hasikii, na watu wa kwenye foleni wakageuka. "Sina," Elena akarudia, na neno "Hana" likaandikwa kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, kati ya majina ya maduka na mashirika ya ndege ya wenzake.

Sleji yake ilikuwa ya mbao, kazi ya mikono ya Mzee Wassillie, imefungwa kwa ngozi ya sili, mnyama wa bahari ya baridi. Za wengine zilikuwa za bati jepesi na plastiki. Evon alikuja kuizunguka sleji ile mara mbili, mikono nyuma, uso wa mtu aliyefiwa.

"Shemeji, hii mmeiazima makumbusho au mmeifukua kaburini?"

"Tumeificha usije ukaiiba," Elena akajibu.

"Mimi? Mimi nachukua mbwa tu. Tukikutana nikiwa narudi, usione haya kusema, nitakuachia mkate."

Watu wakacheka. Kwetu, mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani, na utani huo unamfuata hata mke wa mtu ndani ya nyumba yake. Anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Tena utani wenyewe ndio shule yetu ya watu wazima. Mtu mzima hasahihishwi usoni, ni aibu kwake na kwa anayemsahihisha, kwa hiyo kazi hiyo anaachiwa mtani. Elena alizaliwa ndani ya desturi hii na aliijua vizuri. Ila siku hiyo alikuwa na lile neno ukutani, na kicheko chake kilitoka kwenye meno peke yake.

Mzee Wassillie alikuwa amempa karatasi iliyokunjwa, mwandiko wa penseli: kimbia kwa muda wa saa nne, pumzika kwa muda wa saa nne, kituo kwa kituo, kwenda na kurudi. "Hiyo ndiyo saa yako," alimwambia. "Ya mtu mwingine usiitazame."

* * *

Waliondoka jioni, na Elena akaifuata karatasi usiku kucha, akasimama ilipomwambia asimame. Saa mbili asubuhi aliingia kituo cha kwanza, maili hamsini na tano kutoka mjini, mbwa wake kumi wote wakila na mikia iko juu. Kituo kilikuwa shule ya kijiji. Aliwatandikia mbwa nyasi kavu, akawavua soksi, akawapaka mafuta miguuni, kisha akaingia jikoni kupata supu. Karatasi ilisema apumzike mpaka saa sita mchana.

Saa tatu Evon akaingia. Alikuwa ameondoka mjini wa mwisho, kwa bahati ya kura. Hakuvua koti wala kofia. Alitia saini, akajaza maji ya moto, akageuka mlangoni.

"Unaondoka?" Elena akashangaa.

"Nikae nifanye nini, nioshe vyombo?" Akamtazama Elena na bakuli lake, miguu yake imenyooshwa mbele ya jiko. "Wewe lala, shemeji. Lala mpaka samaki wapande. Na hao mbwa wako walale, nyumba ile yote mnajulikana kwa usingizi."

Jiko zima likacheka. Hata mama mpishi alicheka, akaziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo. Elena alisimama na kwenda dirishani. Mbwa wa Evon walikuwa wanarukaruka, wanabweka, wanataka njia. Akajiambia: amekimbia maili hamsini na tano bila kupumzika hata kidogo na mbwa wake wako hivi. Wangu wamelala kama wagonjwa, na mimi nakunywa supu.

Asichokijua ni kwamba Evon alikuwa amejificha kwenye vichaka vya mierebi, maili nane nyuma, akawalaza mbwa wake kwa muda wa saa tatu kamili na kuwalisha mara mbili. Ni ujanja wa wakongwe. Watu hulala porini pasipo na kelele, kisha hupita kituoni wakiwa na nguvu mpya, na mgeni akiwaona hupoteza akili. Elena aliipoteza yake. Saa tatu na nusu alikuwa ameshawavisha mbwa soksi na kung'oa nanga ya theluji inayoishikilia sleji, na karatasi ya mzee iko mfukoni haijafunguliwa.

* * *

Maili kumi na mbili mbele, mahali mto unapopanuka na upepo hauna wa kuuzuia, Bandit aliketi.

Bandit ndiye aliyekuwa kiongozi, mbwa bora katika nyumba ile na wa kwanza kwenye orodha ya Evon. Hakuanguka wala kuchechemea. Aliketi tu juu ya barafu, akageuza kichwa, akamtazama Elena. Aliyekuwa ubavuni mwake akaketi naye. Halafu wawili wa nyuma yao, halafu wengine, mpaka wote kumi wakawa wameketi mstari mmoja.

Elena aliwabembeleza. Akawaita kwa majina. Akasukuma sleji, akaimba, akamvuta Bandit kwa ukosi, na Bandit akaburutwa hatua tatu kwa makalio na kuketi tena. Elena alipoanza kupiga kelele, mbwa wakajikunja na kuficha pua chini ya mikia. Ndipo akaifungua karatasi, akaisoma, akaelewa alichokifanya. Aliona aibu hadi akahisi joto, na baridi ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri.

Kila sleji ilibeba kifaa kinachoonyesha ilipo, na nchi nzima iliona kitone chake kwenye simu. Kijijini kwetu, katikati ya njia, redio ya upepo, ile ya kuzungumziana nyumba kwa nyumba, haikunyamaza.

"Kitone cha Elena kimeganda."

"Labda ametoboa barafu, anavua."

"Uvuvi umefungwa, mwambieni atakamatwa!"

Gabriel alisikia yote hayo akiwa kwenye chumba cha jenereta. Alicheka pamoja nao mara ya kwanza. Saa moja nzima ilipopita na kitone hakijasogea, alizima redio, akajaza mafuta kwenye pikipiki ya theluji, akachukua chupa ya chai, pande la mwisho la samaki mkavu, na kamba ndefu.

* * *

Alimkuta saa tisa alasiri. Elena alikuwa amewatandikia mbwa nyasi zilizobaki na sasa anayeyusha theluji kwenye jiko dogo, mgongo kwa upepo. Gabriel alizima pikipiki, akamimina chai kwenye kifuniko, akaanza kumwendea.

"Simama hapo hapo!"

Gabriel akasimama, mguu mmoja bado unainuka. "Shavu lako limekuwa jeupe kwa kuganda, Elena. Kunywa kwanza."

"Usisogee. Mtu wa nje akinipa hata chai, nimetolewa."

"Nani anaona? Maili kumi kila upande hakuna mtu."

"Mimi naona."

Kwetu msafiri aliyesimama kwenye baridi hapitwi bila kupewa kitu, na anayepewa hakatai. Kukataa chakula cha mtu aliyekuja kukutafuta ni kumtemea mate. Gabriel alikuwa hajawahi kukataliwa chai maishani mwake, sembuse na mkewe. Alisimama na kile kifuniko mkononi mpaka chai ikaacha kutoa moshi.

"Nimekuja na kamba," alisema. "Nakuvuta mpaka kituoni, basi, yaishe. Watu wanakucheka kwenye redio. Mama analia. Baba amehama dirishani, amelala kitandani anatazama ukuta."

Elena aliacha jiko. "Baba Aluska, nisikilize. Ukiifunga kamba hiyo kwenye sleji yangu, hutangoja Jumatatu. Utakuwa umewapiga risasi leo, hapa hapa, nikikuangalia."

Upepo ulivuma kati yao. Gabriel akaimwaga chai theluji ikaimeza, akarudi kuketi kwenye pikipiki yake.

"Niondoke?"

"Kaa ukitaka. Ila usiniongeleshe kwa upole. Nitalia, na machozi yataganda."

Basi alikaa. Alikaa saa mbili nzima, na hiyo nadhani ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya mwanamume yule: kumtazama mkewe akiwalisha mbwa mmoja mmoja kwa mkono, akijipiga mashavu damu irudi, na yeye ana chai, ana samaki, ana nguvu, na hana ruhusa ya kutumia chochote.

* * *

Saa kumi na moja jioni Evon akatokea, sasa akirudi. Alikuwa wa kwanza, na nyuma yake, mbali, taa ya mshindani wa pili ilishaonekana. Angeweza kupita. Alisimamisha mbwa wake hatua arobaini kutoka pale, akachomeka nanga, akaja kwa miguu.

"Binamu! Umekuja kumletea mkeo busu?"

"Hakugusa kitu," Elena akasema haraka.

 Evon alitazama chini. Alifuata nyayo za Gabriel toka kwenye pikipiki, hatua kwa hatua, mpaka zilipokomea, hatua kumi kamili kutoka kwenye sleji, na pale penye doa la chai kwenye theluji akachutama, akalitazama kwa muda.

"Ni wewe unayewataka," Gabriel akamwambia kwa uchungu. "Sema tu umeona namsaidia. Neno lako linatosha. Jumatatu unawachukua."

"Mbwa wa mtu nawanunua," Evon akasema. "Siwasemei uongo." Akasimama, akamgeukia Elena. "Na wewe, nani alikufukuza kituoni?"

"Wewe ulipita bila kupumzika. Nikakufuata."

Evon akacheka mpaka akashika magoti. "Bila kupumzika! Nililala kwa saa tatu nzima kwenye mierebi. Mbwa wangu walikuwa na nyasi kavu zimewaganda matumboni, hukuziona? Nilikuambia nini pale jikoni?"

"Lala," Elena akasema.

"Nikasema mara ngapi?"

"Mara mbili. Na ya tatu ukawaambia mbwa."

"Sasa ulitaka nifanyeje zaidi? Nikuimbie? Mtani akikwambia lala, unalala! Mke wa binamu yangu umezaliwa wapi wewe, mwezini?"

Elena alijikuta anacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, midomo imekufa ganzi, lakini safari hii kilitoka tumboni. Gabriel naye, kule kwenye pikipiki, alicheka huku anajifuta pua.

Evon akaacha utani. Maneno ya mshindani kwa mshindani hayakatazwi na sheria, na aliyasema haraka, jicho likiwa kwenye ile taa inayokuja. "Bandit mtoe mbele. Amekataa, na anajua amekataa. Miguu yao haina tatizo, wameshakula na kulala, kilichobaki ni ukaidi. Yule jike mzee anaitwa nani?"

"Maurluq." Ndivyo watoto walivyomwita, yaani bibi.

"Mweke bibi mbele, peke yake. Na wewe usikae nyuma kuwabembeleza, watakudharau. Nenda mbele, utembee. Mama yangu alitangulia mbele ya mbwa wa baba majira yote ya baridi, sisi watoto tuko kwenye sleji. Mbwa hawaketi mtu akiwa anatembea."

"Kwa nini unaniambia? Nisipomaliza unapata."

"Nawataka bado. Ukiwaharibu hapa nitanunua nini?" Akageuka. "Mshike huyo Bandit nipite, wasije wakanifuata nyumbani."

Mbio zile Evon alikuwa wa pili, kwa dakika kumi na moja. Watu walimuuliza alichelewa wapi, akasema alisimama kukojoa.

* * *

Elena alitembea. Maurluq alitembea nyuma yake, pua karibu na kisigino, na wale tisa, baada ya kutazamana, wakainuka mmoja mmoja. Gabriel aliwasha pikipiki yake akaelekea nyumbani bila kugeuka. Baada ya maili tatu za miguu kamba zilikaza zenyewe, na Elena akaruka nyuma ya sleji ilipompita. Mbwa walipolegea alirudi mbele akatembea tena. Alifika kituo cha kugeuzia saa tatu usiku. Kilikuwa kinafungwa saa sita.

Pale daktari wa mbwa alimshauri aache wanne, na Bandit akiwamo. Mbwa aliyeachwa kituoni harudi mashindanoni, na sheria inataka wafike wasiopungua watano. Elena alimkumbatia Bandit shingoni, akampa mwenyeji kamba yake, akabaki na sita. Safari hii alilala kwa muda wa saa nne kamili, kwenye sakafu ya shule, na alikoroma. Njiani wakati wa kurudi alipumzika kila karatasi iliposema apumzike. Washindani walimpita kwa salamu, halafu hakukuwa na wa kumpita tena, maana wote walikuwa mbele. Maili ishirini za mwisho mbwa walichoka kwa haki, akawa anakimbia kando yao kwenye miinuko ya kingo, koti limefunguliwa, jasho linaganda kwenye nyusi.

Mashindano yalifungwa Jumapili saa kumi na mbili jioni. Saa kumi na moja na dakika arobaini, Elena aliingia mjini. Zawadi zilikuwa zimeshatolewa. Vijana wawili walikuwa wameanza kufungua bendera ya kumalizia; upande mmoja ulishaanguka, na ilibidi wauinue kwa mikono apite chini yake. Karani alitoka mbio ukumbini na mkate mdomoni.

Daktari alihesabu mbwa sita, akawapapasa miguu, akatikisa kichwa kwa kukubali. Karani alimeza mkate wake.

"Umemaliza, mama. Chakula kitakwenda na ndege ya Jumanne. Una mbwa wangapi kwa jumla nyumbani?"

Elena alijaribu kusema na midomo haikufunguka. Aliwatazama watu wachache waliosimama pale. Gabriel alikuwa miongoni mwao, mbele kabisa, lakini hakuwa amekaribia. Alisimama hatua kumi kutoka kwenye sleji, mikono imening'inia.

"Ishirini na mmoja," Gabriel akamjibu karani. "Andika wote."

Karani akaandika. Gabriel bado hakusogea.

"Kaka," akamuuliza, "sasa ninaruhusiwa kuwagusa?"

"Mbio zimekwisha. Ni mbwa wenu."

Gabriel akavua glavu zake. Akaja akapiga magoti mbele ya Maurluq, akaanza kumvua soksi, mguu mmoja mmoja, akipuliza vidole vya yule mbwa kwa pumzi yake. Alikuwa analia waziwazi mbele ya watu na hakujali. Elena aliketi kwenye theluji karibu naye, akanyoosha miguu, akamwachia wale watano waliobaki.